Nusu siku Rabai: kabla ya Krapf palikuwa na wenyeji

Kila aliyesoma shule ya msingi Kenya amelisikia jina la Rabai, na karibu kila mara amelisikia pamoja na jina la Johann Ludwig Krapf. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nimepita Mazeras mara nyingi nikielekea bara, na sikuwahi kukata kulia. Jumamosi iliyopita nilikata, na naandika haya kwa yeyote anayetaka kwenda kujionea mwenyewe.

Safari ni fupi. Kutoka Mombasa unapanda matatu ya Kaloleni inayopitia Mazeras na kumwambia utingo akushushe Rabai. Ukikosa, panda ya Mazeras, kisha uchukue bodaboda au tuktuk. Nauli hupanda na kushuka, kwa hiyo uliza kabla ya kukaa. Ukitoka barabara kuu ya Nairobi unaona mara moja umebadilisha nchi: vilima, minazi iliyochongwa ngazi kwenye shina, na wagema huko juu na vibuyu vyao.

Nilianzia makumbusho, yaliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la kimisionari la CMS la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akafiwa na mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na Agosti wakahamia Rabai. Kutoka hapa Rebmann alisafiri bara akauona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Krapf naye aliuona Mlima Kenya mwaka 1849. Krapf aliondoka mwaka 1853. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Rebmann alibaki hadi 1875, akarudi kwao akiwa kipofu.

Hatua chache kutoka hapo kuna nyumba za wamisionari hao na kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa mwaka 1887. Aliyekuwa wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa akiwa mahututi mwaka 1851. Miaka mitano ya kuhubiri, na mtu mmoja. Hiyo peke yake inaonyesha kwamba wenyeji walikuwa na dini na utaratibu wao, wala hawakuwa wamekaa wakingoja mgeni.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ya watumwa. Rabai, kama Frere Town kule Kisauni, ilikuwa makazi ya watumwa walioachwa huru, na pia kimbilio la watoro waliotoroka mashamba ya pwani. Kiongozi mmoja wao alikuwa William Jones, aliyewahi kuwa mtumwa, akasomeshwa Nasik, India, kisha akawa kasisi. Askofu Hannington alipouawa Busoga mwaka 1885, Jones ndiye aliyeurudisha msafara Rabai. Wenye watumwa walipodai watoro wao, kampuni ya Waingereza ya IBEA ililipa fidia, na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru. Wajukuu wa watu hao tunaishi nao mpaka leo.

Nikiwa bado uwanjani, basi la shule lilikuja, wanafunzi wakaingia makumbusho, wakapiga picha kanisani, wakaondoka. Hakuna aliyeinua macho kutazama msitu ulio kilimani. Nikamuuliza kijana wa bodaboda aliyenileta kama amewahi kuingia.

"Mkubwa, mimi nimezaliwa hapa hapa," akanijibu. "Lakini kaya sijaingia. Hiyo ni ya wazee."

Msitu huo ni wa Kaya Mudzi Muvya, yaani "mji mpya" kwa Kirabai. Krapf alipoandika kwamba anaishi Rabai Mpya, alikuwa anatumia jina la kaya. Kaya zilikuwa miji yenye ngome, iliyofichwa katikati ya msitu, na masimulizi ya Wamijikenda yanasema waliingia humo baada ya kuhama Singwaya, upande wa kaskazini. Ndani yake huzikwa fingo, kinga ya mji. Wazee wa Rabai ndio waliomruhusu Krapf kuishi karibu nao. Bila ruhusa hiyo kusingekuwa na nyumba wala kanisa la kwenda kutazama.

Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya kumi za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na tatu kati ya hizo ni za Rabai: Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni. Mwaka uliofuata mila za kaya ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Maana yake ni kwamba msitu unaweza kubaki umesimama na ujuzi wake ukapotea.

Mimi mwenyewe sikuingia. Nilifika ukingoni bila kutuma habari, na mzee niliyemkuta pale, baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia bila ukali: "Mwanangu, hapa si sokoni. Mgeni hutangulizwa na habari zake." Alikuwa na haki. Tuliketi kivulini, akanieleza masharti: hukati mti, huokoti hata ukuni mkavu, hupigi picha bila idhini, na unafuata njia unayoonyeshwa. Nilipomwuliza kama vijana huja kujifunza, alicheka kidogo, akasema huja wakiwa na shida.

Kwa hiyo ukienda, fanya tofauti na nilivyofanya. Siku chache kabla, uliza makumbusho namna ya kuwapata wazee wa kaya. Fika asubuhi kabla jua halijakaza, vaa nguo za heshima na viatu vya kutembelea, beba maji. Uliza mapema pia kuhusu ada na sadaka. Ukibaki na muda, endelea na barabara hiyo hiyo upande wa Ribe, ambako Wamethodisti walianza kazi mwaka 1862 na ambako pia kuna kaya.

Na kwa walimu wanaopanga safari za shule: ongezeni saa moja. Watoto wasipoweza kuingia kayani, mzee anaweza kuja kuketi nao chini ya mwembe na kuwasimulia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Rabai tumemsifu mgeni kwa zaidi ya miaka 170. Mwenyeji bado yuko pale kilimani, na hajaulizwa vya kutosha.