Tukirudi, shamba litakuwa la nani?

Leo tunaongea juu ya ardhi, maana hapa kambini habari zote za kurudi Burundi zinaishia kwenye swali hilo hapo juu.

Kwanza historia. Mwaka 1972 mauaji yaliwakimbiza Warundi wengi sana. Waliokuja Tanzania walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba hayakubaki matupu. Kule Rumonge na Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika, serikali iligawia watu wengine ardhi ile, na nyingine ikaingia kwenye miradi ya michikichi. Halafu sheria ya ardhi ya 1986 ikaruhusu mtu aliyekalia ardhi miaka 30 kuwa mwenye mali. Piga hesabu: 1972 mpaka 2002. Miaka hiyo iliisha wazee wakiwa bado ukimbizini!

Basi waliporudi, walikuta watu ndani. Nani ana haki? Wanafalsafa hawajibu sawa.

John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, alisema jasho ndilo linampa mtu shamba. Kwake, aliyelima miaka 30 ana hoja. Lakini Locke alikuwa anaongelea ardhi isiyo na mwenyewe, na hii ilikuwa tayari na jasho la mtu mwingine.

Robert Nozick, Mmarekani, aliandika mwaka 1974 kwamba tuulize mali ilipatikanaje. Kama ilichukuliwa kwa nguvu, kosa lirekebishwe. Hapo mkimbizi anashinda. Sawa, ila yule aliyenunua kwa pesa yake, bila kujua, yeye alimfukuza nani?

Mwalimu Nyerere naye, mwaka 1958, aliandika kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote; mtu ana haki ya kuitumia, siyo kuifanya bidhaa. Mpaka leo ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Wazo hili linamkinga maskini asinyang'anywe na tajiri. Lakini Burundi imetuonyesha upande wa pili: serikali yenye uwezo wa kugawa inaweza kugawa hata shamba la aliyekimbia.

Mkataba wa Arusha wa 2000 ulisema mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na ikishindikana alipwe fidia. Mwaka 2006 ikaundwa tume, CNTB. Mwanzoni ilipenda pande mbili zigawane. Baada ya 2011 ikaelekea kumrudishia aliyekimbia shamba lote, na malalamiko yakazidi. Wengine waliotolewa walikuwa wamezaliwa palepale.

Sisi tunaona hivi: aliyekimbia asipoteze haki kwa sababu ya miaka aliyokaa ukimbizini, maana hakuichagua. Lakini aliyemo ndani kwa nia njema naye asitupwe barabarani. Hapo fidia ndiyo inabeba uzito wote, na bila fidia tunabadilishana tu wakimbizi.

Kwa hiyo, vijana, waulizeni wazee mipaka ya itongo na majina ya majirani, muandike kabla hawajaondoka. Nanyi wahudumu wa mashirika, mnapotuuliza kama tuko tayari kurudi, tuulizeni pia shamba liko mikononi mwa nani.