Kilango cha Umeme: Habari ya Diodi na Watu Walioiona

Mvuvi wa pwani asukapo dema hulifanyia mlango wa namna yake, nje mpana na ndani mwembamba. Samaki huingia bila taabu, lakini atakapo kutoka haioni njia. Katika vyombo vya umeme kiko kitu kidogo kifanyacho kazi iyo hiyo. Umeme ukija kwa upande mmoja hupita. Ukija kwa upande wa pili huzuiwa. Jina lake ni diodi. Imo katika redio, katika chaja ya simu, katika taa na katika mabamba ya jua, na mara nyingi haizidi ukubwa wa punje ya mchele. Nataka kueleza jinsi ilivyopatikana, kwa kuwa habari yake ina fundisho kwa kila afundishaye na kila ajifunzaye.

Aliyeuona kwanza mlango huu katika madini alikuwa mwalimu wa shule. Ferdinand Braun, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1850, alikuwa akifundisha katika Shule ya Mtakatifu Tomaso mjini Leipzig. Mwaka 1874 alitangaza jambo aliloliona alipokuwa akipima mwendo wa umeme katika madini kama galena, ambayo ni risasi iliyoungana na kiberiti. Wataalamu wa siku zile walijua ya kuwa waya wa shaba hauchagui upande; umeme ukiupitia huku au ukiupitia kule, ni mamoja. Lakini Braun alipogusisha ncha ya waya juu ya madini yale, aliona umeme ukipita vema upande mmoja, na ukipungua akiugeuza. Hakuweza kueleza sababu, wala hakujua litafaa kwa kazi gani. Walakini hakulifuta. Aliliandika kama alivyoliona, likapigwa chapa katika gazeti la wataalamu, likakaa humo.

Huko Marekani, Thomas Edison naye alikuwa akisumbuliwa na taa zake, maana kioo chake kilikuwa kikiingia weusi kwa ndani. Akatia bamba dogo la chuma ndani ya globu, lisigusane na uzi uwakao. Akaona ajabu: bamba lilipofungwa upande wa chanya, umeme ulivuka mahali patupu kati ya uzi na bamba, lilipofungwa upande wa hasi, haukuvuka. Mwaka 1883 aliomba hati ya haki ya uvumbuzi, kisha akayaacha mambo hayo akashika kazi nyingine. Basi zikawapo akiba mbili, ya madini na ya taa, na hapana aliyezihitaji.

Haja ilikuja pamoja na simu ya upepo. Mwaka 1901 Marconi alitangaza ya kuwa amepokea herufi moja huko Newfoundland, iliyotumwa kutoka Uingereza juu ya bahari kuu. Lakini vyombo vya kupokelea vilikuwa dhaifu. Mawimbi ya redio husukuma umeme huku na huku mara elfu nyingi kwa sekunde moja, na kidude cha kusikilizia hakiwezi kufuata mwendo wa upesi namna ile. Msukumo wa kwenda hufutwa na wa kurudi. Kama pangekuwapo mlango wa kuzuia misukumo ya kurudi, ile ya kwenda ingekusanyika, na sikio lingesikia.

Mtu aliyeufikiri mlango huo alikuwa John Ambrose Fleming, mtoto wa mchungaji, aliyezaliwa Lancaster katika Uingereza mwaka 1849. Zamani alikuwa mshauri wa kampuni ya Edison mjini London, na taa zile zenye bamba alikwisha kuzijaribu kwa mkono wake. Sasa alikuwa mshauri wa Marconi. Mwaka 1904 alizikumbuka, akazitoa kabatini, akazifunga katika chombo cha kupokelea. Masikio yake yalikuwa mazito, naye alifurahi kuona alama zikionekana kwa macho katika kipimo cha umeme. Tarehe 16 Novemba mwaka ule aliomba hati, akakiita kitu chake valvu, kwa mfano wa valvu ya mpira wa baiskeli ipitishayo upepo kuingia na kuuzuia kutoka. Siri yake ni hii: uzi wa moto hutoa chembe za umeme ziitwazo elektroni, na bamba la chanya huzivuta, lakini bamba lenyewe ni baridi, halina chembe za kurudisha.

Na akiba ya mwalimu Braun nayo ilitolewa. Jagadis Chandra Bose wa Calcutta, katika Bara Hindi, aliomba hati mwaka 1901 kwa chombo cha galena, akaipata mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Greenleaf Pickard alipata hati ya kutumia silikoni. Vyombo hivi havikutaka betri wala moto. Msikilizaji alikuwa akipapasa madini kwa ncha ya waya mpaka apate mahali pazuri, ndipo asikie sauti. Hivyo hata watu wasio na fedha nyingi waliweza kusikiliza redio.

Kisha ikatokea ajabu nyingine. Mwaka 1907 Mwingereza Henry Round aliandika barua fupi ya kwamba madini yaitwayo kaborandumu, yakipitishwa umeme, hutoa nuru. Wachache walimjali. Katika miaka ya 1920 kijana wa Kirusi, Oleg Losev, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya redio ya Nizhny Novgorod, aliiona nuru ile ile, akaifuata kwa miaka mingi, akatambua ya kuwa si nuru ya moto. Aliyoyaona aliyaandika. Mwaka 1942, mji wa Leningrad ulipokuwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani, Losev alikufa humo kwa njaa, umri wake miaka 38. Alikufa asiione taa hata moja iliyotokana na nuru ile.

Sababu ilianza kufunuka mwaka 1940, Russell Ohl wa Marekani alipomulika kipande cha silikoni chenye ufa, akaona kinatoa umeme. Kumbe pande zake mbili hazikuwa na uchafu wa namna moja. Upande mmoja ulikuwa na elektroni za kuzidi, na wa pili una nafasi tupu. Mpakani pake palifanyika kama ukuta. Umeme ukisukuma upande wa halali, kwa kadiri ya volti 0.6 au 0.7 katika silikoni, ukuta hupitika. Ukisukuma upande wa pili, ukuta huzidi unene. Katika madini mengine elektroni zikiangukia nafasi tupu hutoa nuru. Nick Holonyak alifanya taa nyekundu ya namna hiyo mwaka 1962. Na wale waliopata nuru ya buluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Leo umeme wa majumbani mwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, lakini betri ya simu hutaka mwendo mmoja tu. Ndani ya chaja diodi huunyosha. Bamba la jua ni diodi pana, na usiku diodi nyingine huzuia umeme wa betri usirudi katika bamba. Na mtoto asomaye usiku kwa taa ndogo ya jua husoma kwa nuru ile aliyoifuata Losev.

Wazee husema, akiba haiozi. Neno la Braun lilikaa zaidi ya miaka 20 kabla halijapata kazi, na la Losev lilimpita umri wake. Kama wangaliyafuta kwa kuwa hayakupatana na vitabu, wangalitupotezea mengi. Basi, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuambia ya kuwa alichokiona si kama kilivyo kitabuni, usimwamuru afute. Mwambie ajaribu tena kwa uangalifu, na akikiona mara ya pili, akiandike.