Mji wa Kwenye Ramani

Ndugu msomaji, ukitaka kuijua historia ya Kigamboni, anza na pantoni. Simama pale Magogoni asubuhi uone umati unavyomwagika kuja mjini, na jioni unavyorudi. Kazi huku, kulala kule. Mimi nimekulia kwenye msafara huo, daftari kwapani.

Dar es Salaam ilianza kufurika kitambo. Sensa ya 1967 ilihesabu watu kama 273,000 hivi. Ile ya 2002 ilikaribia milioni 2.5, na ya 2022 ikavuka milioni 5.3. Wakubwa nao hawakukaa bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wa mjini wasio na kazi walipelekwa ng'ambo kuanzisha kijiji cha ujamaa karibu na Mbwamaji. Kikaitwa Gezaulole, yaani jaribu uone. Dawa ya siku zile ilikuwa jembe.

Dawa ya mwaka 2008 ikawa ramani. Serikali ilitangaza mji mpya Kigamboni, wa hekta 6,494: nyumba, ofisi, maduka na hoteli mahali pamoja, ili mtu afanye kazi karibu na anakolala. Wazo zuri, nani abishe? Ila wakati ramani inachorwa, wenyeji waliambiwa wasijenge wala wasiuze ardhi. Wasubiri.

Hapo ndipo baba yangu mdogo alipokwama. Alikuwa ameshafyatua matofali ya chumba cha mwanawe aliyetaka kuoa. Kila nikienda kumwamkia nayakuta palepale chini ya mwembe, yameota ukijani. Majirani wakayafanya viti vya kuchezea bao. Siku moja nikamwambia, "Baba, si uyauze tu?"

Akacheka kidogo. "Nikiyauza, mwanangu, nitakuwa nimekubali kwamba hapa mimi mpangaji."

Miaka ikapita. Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, mita 680 juu ya maji ya Kurasini, na magari yakaanza kupita. Lakini mji ule wa kwenye ramani haukusimama. Kigamboni imejengwa, ndiyo, ila kidogokidogo, kila mtu kwa mfuko wake.

Baba mdogo naye akajenga hatimaye. Chumba kizuri, dirisha linatazama mwembe. Hakina mtu. Mwanawe alichoka kusubiri, akaoa na kupanga chumba Mbagala, kwenye nyumba ya familia sita, choo kimoja. Basi mpango uliokuja kupunguza msongamano ukamwongezea Mbagala mtu na mkewe, na sasa watoto wawili.

Jambo hilo hulikuti kwenye ramani yoyote. Ramani inaonyesha barabara itakapopita. Haionyeshi mtu aliyekaa juu ya matofali yake akihesabu miaka. Vijana wenzangu tunaoshika kalamu, siku wakileta ramani nyingine, na wataleta tu, twende kwanza chini ya mwembe tukawaulize wanaosubiri. Halafu tuandike, na mwaka tuuweke.