Bidhaa za kidijitali
Bidhaa za kidijitali ni kazi zinazouzwa kama faili: vitabu, muziki, masomo ya video, programu. Kwa kuwa nakala ya pili haigharimu karibu chochote, kikwazo kikubwa cha muuzaji wa Afrika Mashariki kilikuwa malipo, si utengenezaji. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilimwezesha mnunuzi asiye na kadi ya benki kulipa shilingi chache akiwa mbali. Wapo wanaodai kwamba kusambaziana nakala bure kwenye WhatsApp kunaua soko. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa vitabu; hata hivyo, wateja wa Skiza, huduma ya milio ya simu ya kampuni ya Safaricom, hulipia milio ya nyimbo ambazo wangeweza kuzipata bure, kwa sababu kulipa ni rahisi. Tatizo zito zaidi ni mgawo wa mapato: wasanii wamelalamikia sehemu ndogo wanayopata, na wana haki ya kulalamika.