Oveni ya Mama: Kutoka Seredani Hadi Umeme, na Namna ya Kuitengeneza kwa Salama



Katika vyombo ambavyo mabibi harusi wetu wanapewa na mama zao, kimoja tunaulizwa sana: ile oveni ya zamani ya umeme. Imeoka mikate ya Ramadhani miaka na miaka. Leo haipati moto, au inampiga mtu akigusa mlango. Je, itengenezwe au itupwe? Tunaona kabla ya kushika bisibisi tujue kwanza ilikotoka, kwa sababu historia yake ndiyo inayotuonesha inapoharibikia.

Bibi zetu hawakuwa na oveni, walikuwa na seredani. Mkate wa kumimina uliwekewa makaa chini, na makaa mengine yakapangwa juu ya kifuniko. Moto juu, moto chini, na mpishi akijua kwa harufu tu upande gani umezidi. Oveni ya umeme inafanya kazi ileile: koili moja juu, nyengine chini. Kwa hiyo keki ikiungua chini na juu ikabaki nyeupe, fikiria seredani iliyokosa makaa ya juu. Yumkini koili ya juu imekufa, na oveni nzima haina sababu ya kutupwa.

Hiyo koili nayo ina hadithi yake. Mwaka 1892 Thomas Ahearn wa Ottawa, Kanada, aliwapikia wageni wa hoteli chakula kizima kwa umeme, na watu wakastaajabu. Lakini waya za wakati ule ziliungua upesi. Mwaka 1906 Albert Marsh wa Marekani alipata hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, waya unaowaka mwekundu kwa muda mrefu bila kuliwa na hewa. Baadaye waya huo ukatiwa ndani ya bomba la chuma lililoshindiliwa unga wa magnesiamu oksaidi. Unga huu unapitisha joto na unazuia umeme. Aibu yake ni moja: unavuta unyevu. Sisi watu wa visiwani, tunaoishi na hewa ya chumvi, hapo ndipo tunapoumia. Oveni iliyokaa stoo tangu Ramadhani iliyopita ikiwashwa, breka inaanguka. Haina jini. Koili imekunywa unyevu, au imepasuka.

Umeme wenyewe kwetu si mgeni. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, inatajwa miongoni mwa majengo ya mwanzo Afrika Mashariki kuwashwa taa za umeme. Lakini kutoka jumba la mfalme hadi jiko la mama safari ilikuwa ndefu. Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Waya huo ulipoharibika mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na ulipoharibika tena Disemba 2009, tulikaa miezi mitatu hadi Machi 2010. Wengi wetu tulirudi kwenye seredani, na tuliojifunza kwa bibi zetu tulishukuru. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikaongezewa waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013. Katika miaka hiyo tulijifunza pia kwamba umeme ukikatika, oveni ichomolewe, kwa sababu unaporudi unaweza kuja kwa kishindo.

Sasa matengenezo. Ya kwanza ni kuizima ukutani, kuichomoa na kuiacha ipoe kabisa. Kama haina plagi na imeungwa moja kwa moja, zima swichi kuu ya nyumba. Asiyekuwa na hakika kama umeme umekatika asifungue kitu.

Kisha tazama kwa macho. Plagi iliyobabuka au kuyeyuka ibadilishwe pamoja na soketi yake. Oveni ya wati 2,000 mpaka 3,000 isitiwe kwenye ekstensheni ya kuchajia simu. Mpira wa mlango uliokatika unatoa joto nje, na kuubadilisha ni kazi nyepesi. Koili yenye uvimbe, ufa au doa jeusi imekwisha.

Mwenye mita na anayejua kuitumia anaweza kuipima koili ikiwa imefunguliwa waya zake. Koili ya wati 2,000 kwa umeme wa volti 230 itasoma kama omu 26. Isiposoma kitu, imekatika. Na baina ya waya wa koili na bomba lake, mita isioneshe njia yoyote. Ikionesha, umeme unavuja. Ukibadilisha, piga picha waya kabla ya kuzifungua, nunua ya wati zilezile, na ukaze skrubu vizuri, kwa sababu muungo uliolegea ndio unaoungua.

Waya za ndani, kidhibiti joto na oveni inayoangusha breka, tumwachie fundi umeme. Na oveni kuukuu sana yenye kamba au pamba nyeupe ya kuzuia joto isikwanguliwe, maana huenda ni asbestosi, na vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Hapa tuna jambo linalotuuma. Kwa jamaa yetu mmoja, oveni ilikuwa inaangusha breka kila siku. Fundi akaja, akakata waya wa ardhi, breka ikatulia, naye akalipwa. Tangu siku hiyo wakawa wanavaa kandambili wakitaka kufungua mlango, wakidhani ni kawaida. Waya wa ardhi ndio unaoupeleka umeme uliovuja chini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Alhamdulillah aligundua mgeni kabla ya mtoto kugusa akiwa na miguu mitupu. Breka ikianguka inakuonya. Mwambie fundi atafute kosa, na akimaliza akuoneshe waya wa ardhi umefungwa.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe, basi kutengeneza cha zamani si unyonge. Na yeye huyohuyo alituamrisha tuzime moto kabla ya kulala. Tuyashike yote mawili: tusifanye israfu, wala tusijitie katika maangamizi.

Bi harusi wetu, ukipewa oveni ya mama, ipokee kwa furaha, na kabla ya mkate wa kwanza mwite fundi aipime. Ikishindikana, iage bila ya kinyongo. Aliyokufundisha mama kuhusu moto juu na moto chini utabaki nayo.

Allah azibariki nyumba zenu na azilinde. Amin.