Faili Moja, Kutoka 1976 Hadi Galbet

"Kwangu inafanya kazi." Kila mtu wa koding ameambiwa hivyo. Unachukua mradi wa mwenzako, kwako unagoma, manake PHP yake ni toleo lingine na hifadhidata iliwekwa na jamaa ambaye siku hizi hata hapokei simu. Mimi naona shida hii ni ya zamani: maelezo yanakaa kichwani mwa mtu mmoja.

Mwaka 1976, Stuart Feldman wa Bell Labs, Marekani, alitengeneza Make. Hatua za kujenga programu zikaandikwa kwenye faili moja, Makefile. Lakini kompyuta yenyewe bado ulijipangia. Mwaka 2010 Mitchell Hashimoto akaleta Vagrant: faili moja, na unapata kompyuta nzima ndani ya kompyuta yako. Tamu, ila nzito. Laptopu ya RAM 4GB inalia. Mwaka 2013 Docker ikaja na konteina, nyepesi zaidi. Kisha 2014 Docker ikanunua Fig na kuigeuza Docker Compose: faili inataja seva, hifadhidata na matoleo yake, unapiga amri moja, vyote vinaamka.

Hapa Kenya, angalia Ushahidi. Ilizaliwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Mradi wenye faili kama hiyo, kijana wa Galbet anaweza kuuingia bila kujuana na mtu yeyote Nairobi. Walahi, kwangu hiyo ni haki.

Sasa shida iko hapa. Faili ni mistari michache, lakini vitu inavyopakua ni mamia ya MB, saa zingine GB kadhaa. Bando inaisha kabla hujaandika chochote. Anayeandika faili akiwa kwa waifai ya ofisi haoni hiyo gharama.

Kwa hivyo ukiandika faili, taja toleo kamili na uanze na imeji ndogo. Ya Alpine haifiki hata MB 10. Na sisi wa Garissa tusipakue kila mtu kivyake. Mmoja apakue, atumie "docker save", aweke kwa flashi, wengine wafanye "docker load". Flashi ikizunguka mtaani, bando ya mtu mmoja inatosha darasa zima.