Mkate wa Kopo, Moto Juu na Moto Chini

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, huenda asubuhi ya leo umekunywa chai kwa slesi mbili za mkate wa dukani. Sidhani kama ulijiuliza mkate huo uliokwa wapi, na nani, wala kwa moto gani. Leo nakuomba tusafiri pamoja hadi Mbinga, mkoani Ruvuma, kisha tuteremke milima ya Umatengo mpaka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huko tutatazama mkate usiojua tanuri wala umeme. Ni mkate wa kopo.

Mama mmoja niliyemkuta huko alikuwa na mafiga matatu, sufuria kubwa, mchanga wa ziwani na makopo sita ya maziwa yaliyokwisha. Alikuwa amekanda unga wa ngano kwa maji ya vuguvugu, hamira, chumvi, sukari kidogo na mafuta, akauacha uumuke juani chini ya kitambaa. Makopo aliyapaka mafuta, akayajaza nusu tu, kwa kuwa nusu iliyobaki ni haki ya hamira. Mchanga aliutandaza ndani ya sufuria, akauacha upate moto, ndipo akayapanga makopo juu yake na kufunika. Kisha akapalia makaa juu ya mfuniko.

"Moto wa chini uwe mchache, wa juu uwe mwingi," aliniambia. "Ukigeuza hesabu hiyo, utakula makaa."

Hesabu yake ni sahihi. Joto hupanda, kwa hiyo moto wa chini hufanya kazi maradufu, na wa juu lazima uongezwe ili mkate uive pande zote. Mchanga nao huligawa joto sawasawa na kuzuia kitako cha kopo kuungua. Baada ya kiasi cha nusu saa au zaidi kidogo alitoa mkate mmoja, akaugonga kitako kwa kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva. Huko juu Litembo, kwenye baridi, unga huohuo unahitaji muda mrefu zaidi kuumuka kuliko hapa ziwani kwenye joto.

Sasa tujiulize, ngano ilifikaje kwenye nchi ya ugali wa mihogo na samaki? Wamisionari Wabenedikti walifika Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899 na Litembo mwaka 1914. Hostia ya misa sharti iwe ya ngano, na baridi ya milima ya Umatengo inaikubali ngano. Kwa upande wa ziwani, Waanglikana wa UMCA walikuwa na makao yao katika kisiwa cha Likoma, na kuanzia mwaka 1901 meli yao, Chauncy Maples, ilihudumia vijiji vya mwambao. Mkate ulikuja pamoja na altare na shule.

Chombo cha kuokea kilikuja kwa njia nyingine, ile ya biashara. Mafuta ya taa yaliletwa Afrika Mashariki katika madebe ya bati ya galoni nne. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa. Likawa ndoo ya maji, likawa kipimo cha mahindi, na fundi wa bati akalikata akapata koroboi na vikebe. Wahenga walisema mgagaa na upwa hali wali mkavu. Watu wa mwambao wa Nyasa waliokota bati la mgeni wakalifanya tanuri. Na wala si wao peke yao, maana ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, wapo wanaooka chikondamoyo ya unga wa mahindi kwa makaa ya juu na ya chini vilevile.

Ziwa hilo limeona pia vita. Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann hapo Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Vita vilipoendelea na bahari kufungwa, jeshi la Wajerumani nalo lililazimika kula mikate iliyochanganywa na unga wa nafaka za kienyeji. Njaa haichagui rangi ya mtu.

Tuje sasa kwenye nchi huru. Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha makampuni manane ya kusaga nafaka, na kutokana nayo likazaliwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Nia ilikuwa njema, kwamba chakula cha wananchi kisiwe mikononi mwa wachache. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliukumbusha mkutano mkuu wa TANU kwamba kupanga ni kuchagua. Basi mwanzoni mwa miaka ya 70 tukachagua. Kwa msaada wa Kanada, likaamuliwa jambo la kujenga Dar es Salaam kiwanda cha mikate kinachojiendesha kwa mitambo.

Mchumi Andrew Coulson, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliupinga uchaguzi huo kwa maandishi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mitambo ile ilitoka nje na iliajiri watu wachache, wakati tanuri ndogo nyingi zingeoka mkate uleule kwa gharama ndogo na kuwapa kazi watu wengi zaidi. Sisemi kiwanda ni dhambi. Mji mkubwa unahitaji mikate mingi. Ninachouliza ni kwa nini yule mwenye tanuri ndogo hakuhesabiwa kuwa sehemu ya mpango.

Jibu lilikuja lenyewe. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka, vipuri vikaadimika, na foleni zikawa ndefu. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Kule Mbinga, chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936, kilikuwa kimekwisha kuvunjwa pamoja na vyama vikuu vingine nchini mwaka 1976. Mimi nilikuwa mtoto mwishoni mwa miaka hiyo ya 80. Nakumbuka kilo moja ya unga wa ngano ikipokewa nyumbani kama mgeni, na mama akitafuta makopo uvunguni. Mkate wetu haukungoja kipuri kutoka ng'ambo.

Leo hali ni nyingine. Mbamba Bay ni makao ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, na lami imefika mpaka ziwani. Mkate wa mjini unafika ungali laini. Lakini sehemu kubwa ya ngano tunayokula nchini hutoka nje, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, bei ilipanda hata kwa mama wa kijijini asiyejua Ukraine iko wapi. Yeye alifanya nini? Alipunguza ngano, akaongeza unga wa muhogo, akaendelea kuuza.

Nina onyo moja. Mbinga ni nchi ya kahawa, na kahawa ina dawa zake. Kopo lililobeba dawa ya mimea au rangi ya kupaka lisioke chakula kamwe, hata likioshwa mara mia. Tumia la maziwa au la siagi tu.

Ndugu msikilizaji, yule mama aliniuzia mkate mmoja, akakataa kuniuzia na kopo lake. "Hilo ndilo shamba langu," alisema. Siku wapangaji wetu watakapokaa tena mezani kuchagua, na wamkumbuke mwenye makopo sita. Anachohitaji si mtambo. Anahitaji unga wa bei anayoiweza, mkopo mdogo, na sehemu ya kuuzia asikofukuzwa.